Kopo la Pili la Oili Nyekundu

Gari lilipoanza kunguruma bila kwenda, tulikuwa watu wanne ndani, na mmoja tu ndiye aliyejua sababu. Huyo mmoja ni mimi. Nikanyamaza, nikatazama nje kama mtu anayehesabu mawe.

Usukani ulikuwa kwa mume wangu, Alute. Kiti cha nyuma alilala wifi yangu Leah, uchungu umemshika tangu jana yake alfajiri, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, ambaye ndiye mama mkwe wangu. Chini ya kichwa cha Leah ilikuwa imekunjwa ngozi ya ndama, nyekundu, laini kama khanga iliyofuliwa miaka kumi. Ilikuwa mbeleko ya mtoto ambaye alikuwa bado anakataa kutoka. Mganga wa zahanati yetu pale Kinyangiri hakuwa na maneno mengi: mtoto amekaa vibaya, na kama Leah hatafikishwa hospitali Singida leo, kabla ya jua kuzama, basi tusije tukamlilia yeye.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Siku ile yenyewe tulirudi nyuma sana, utaona.

Gari lile lilikuwa la sista mmoja wa Kizungu, mkunga wa misheni. Alipokuwa anarudi kwao alilikabidhi kwa kijiji liwe la zahanati. Lilikuwa dogo, kijivu, limeinama mbele kama linanusa, watu wakaliita Kobe. Halikuwa na klachi. Alute alipewa kazi ya kuliendesha kwa sababu alishawahi kuendesha lori la pamba miaka sita, lakini mguu wake wa kushoto haukukubali kwamba umestaafu. Kila akitaka kubadili gia, mguu unatafuta klachi, unakuta breki, sote tunajigonga paji la uso mbele. Mwezi wa kwanza ungeweza kumtambua kila mgonjwa aliyepelekwa hospitali kwa nundu yake.

Sista aliacha makopo mawili ya oili nyekundu na karatasi moja aliyoandika kwa Kiswahili. Makopo yaliwekwa chini ya kitanda changu, kwa kuwa zahanati haikuwa na mlango wa kufunga. Karatasi niliisoma mimi, kwa sababu nilifika darasa la nne na Alute alifika shuleni tu. Iliandikwa hivi: Gari hili halina klachi, oili nyekundu ndiyo klachi yake. Ipime gari likiwa limepata moto na injini inanguruma. Ikinuka kuungua, simama. Usichanganye na mafuta mengine yoyote.

"Yoyote" ilipigiwa mstari mara mbili. Niliuona mstari. Sitasema sikuuona.

Wakati huo ndiyo kwanza tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Nyumba zimepangwa mistari, mlango unatazama mlango, ukipika mlenda jirani anajua umeweka chumvi kiasi gani. Nyumba zetu za zamani zilibaki mahame, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na minyonyo yetu, ile mibarika ya mafuta, ilibaki hukohuko imesimama nyuma ya maboma kama ndugu waliokataa kuhama.

Basi Leah akapata mimba, ya kwanza, na mama mkwe akatoa ngozi ya ndama. Kwetu ngozi ya mbeleko hailainishwi na mtu wa nje. Inalainishwa na mke wa nyumba hiyo, kwa mafuta ya nyonyo aliyoyatwanga na kuyachemsha mwenyewe, yaliyochanganywa na udongo mwekundu, anasugua kila jioni mpaka ngozi isahau kwamba iliwahi kuwa ng'ombe. Mama akaniambia, "Selina, mahameni nyonyo zimeiva. Nenda kaokote."

Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Na fisi walishahamia kule, wao hawakuambiwa na mtu. Halafu kuokota, kukaanga, kutwanga, kuchemsha, kuengua. Nikakaa kitandani nikafikiri. Na chini ya kitanda hichohicho nilichokalia kulikuwa na mafuta, tena mekundu tayari.

Kopo la kwanza liliisha kwenye ngozi kwa wiki mbili. La pili niligawana na ngozi, kwa maana miguu yangu nayo ilikuwa imepauka. Watu wakaanza kusema ndoa imenikubali. Mama mkwe akaishika ile mbeleko, akaikunja, akaikunjua, akawaita majirani. "Tazameni mkono wa mke wa Alute!" Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye adabu.

Baadaye hofu ikaniingia, nikaenda mahameni kwa hiari yangu. Nilitwanga, nikachemsha, nikatia udongo mwekundu mpaka rangi ikafanana, nikajaza makopo yote mawili, nikagandisha vifuniko kwa nta ya nyuki. Nikajituliza. Nyonyo ni bora kuliko mafuta yote, nikasema. Inawasha taa, inalainisha ngozi, inafungua tumbo lililofunga. Gari ni nani hata likatae?

Miezi ikapita, Kobe hakuomba kitu. Alute alikuwa anapima oili asubuhi, injini imezimwa na baridi, kama alivyozoea kwenye lori, na kijiti kilikuwa kinamwambia imejaa. Nilimsomea karatasi tena.

"Karatasi inasema injini iwe inanguruma."

"Mimi nimeendesha lori miaka sita. Karatasi imeendesha nini?"

Lakini wiki moja kabla ya uchungu wa Leah, wakati anarudi kutoka Nduguti, gari lilianza kusitasita. Unakanyaga, injini inapiga kelele, magurudumu yanafikiri kwanza. Ndipo alipopima kama karatasi inavyotaka. Kijiti kikatoka kikavu. Akaja nyumbani mbio, akavuta kopo la kwanza chini ya kitanda, akamimina lote. Mimi nilisimama mlangoni na ungo mkononi nikiangalia nyonyo yangu ikiingia ndani ya gari. Ningesema nini? Gari lilikuwa limeshageuzwa mali ya kijiji, na katibu wetu, Mazengo, alikuwa hana wimbo mwingine mikutanoni: anayeharibu mali ya umma ni adui wa umma. Nikasema moyoni, labda litazoea.

Halikuzoea. Sasa tuko njiani, tumeshapita Iguguno, mbele yetu kuna mlima wa mawe, na Kobe ananguruma kama fahali aliyefungwa.

"Twende, Kobe, twende baba," Alute alikuwa analibembeleza. Akakanyaga zaidi. Gari likatetemeka, likasogea hatua mbili, likasimama.

"Alute," Leah aliita kwa sauti nyembamba, "mbona hatuendi?"

"Tunakwenda, dada."

"Miti haisogei."

Alute akashuka, akafungua boneti, injini akaiacha inawaka. Nikashuka naye. Alichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Ncha tu ndiyo iliyolowa, na oili iliyoilowesha haikuwa nyekundu. Ilikuwa rangi ya kahawa iliyolala. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka chini, na harufu yake niliijua tangu nikiwa mtoto.

Mama mkwe naye aliijua. Akatoa kichwa dirishani, pua juu. "Nani anakaanga nyonyo huku porini?"

Alute alikuwa bado anakitazama kijiti.

"Kuna mtu anaunguza nyonyo," akasema tena. "Mpikaji huyo hajafundwa."

"Selina, lete kopo," akasema Alute.

Nilikwenda nyuma ya gari. Kopo la pili lilikuwa limefungwa kwenye gunia. Nilipolishika nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri maishani. Nikitembea nikajikwaa, likamwagika, basi yameisha, hakuna wa kulaumiwa ila jiwe. Mawe hayaitwi mkutanoni. Nikachagua jiwe zuri. Nikajikwaa kwa nguvu zangu zote, nikaanguka kweli, goti likachanika, kopo likaruka, likabingirika mpaka miguuni kwa Alute.

Nta yangu ilikuwa nzuri mno. Halikuvuja hata tone.

"Pole," akasema. Akaliokota, akachomeka kisu kwenye kifuniko.

Ndani ya gari Leah akalia. Hakulia kwa kelele. Ulikuwa mlio wa mtu aliyekwisha kupiga kelele zake zote jana. Nikamsikia mama anasema taratibu, "Vumilia, mwanangu, kaka yako anatia oili, sasa hivi tutakwenda." Alute ameshaweka faneli. Kopo limeinama.

Nikaweka kiganja changu juu ya faneli.

"Toa mkono."

"Usimimine."

"Selina, toa mkono, dada yangu anakufa."

"Ukimimina hayo ndiyo atakufa. Hayo siyo yenyewe."

Alinitazama. Akachovya kidole ndani ya kopo, akasugua na kidole gumba, akasugua tena polepole.

"Kuna mchanga."

"Ni udongo mwekundu. Nilichekecha."

"Ulichekecha."

"Mara mbili."

Nadhani mwanamume mwingine angenipiga, na siku ile nisingemshitaki. Alute aliangalia tu lile kopo. "Na lile la wiki iliyopita?"

Nikainama kutazama goti langu lililochanika.

"Ungeniambia wiki iliyopita," akasema. Hiyo ndiyo sentensi pekee aliyowahi kunipa juu ya jambo lile, mpaka leo. Ningependelea anipige.

"Na oili yenyewe iko wapi?" akauliza.

Macho yangu yakaenda pale yasipotakiwa. Yalipita kioo cha nyuma, yakatua kwenye ile ngozi chini ya kichwa cha Leah. Alute akayafuata. Mama mkwe, aliyekuwa anatutazama, naye akayafuata. Akaishika ngozi kwa ncha za vidole, akaipeleka puani.

Akairudisha mahali pake. Nikatamani ardhi ya Iguguno ipasuke, lakini ile ni ya mawe, haipasuki kirahisi.

Alute akazima injini. "Tutaliacha lipoe. Oili ikipoa inashika kidogo."

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Mpaka Leah atakaposema haiwezekani tena."

Tukakaa. Jua lilikuwa limeshavuka utosi na kuanza kuteremka. Hakuna basi lililopita, hakuna lori, mwaka ule petroli ilikuwa kama mvua, unaisikia imenyesha kwa wengine. Kila Leah alipoguna nilihesabu, na kila nikihesabu muda ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza. Alute alikuwa anazunguka gari, anatazama mlima, anatazama gari.

Halafu akasimama. "Sista aliwahi kunionyesha," akasema kama anazungumza na boneti. "Oili ikipungua, gari likipanda oili yote inakimbilia nyuma, pampu inanyonya hewa. Basi tukipanda kinyumenyume itaifuata pampu yenyewe."

"Mlima wote?"

"Una mwingine?"

Akageuza Kobe, akaweka gia kwenye herufi ya R, akakanyaga taratibu. Magurudumu yakafikiri. Kisha yakashika. Gari likaanza kupanda mlima makalio mbele, na mimi nikawa natembea kutangulia, nikipunga mikono: kushoto, kulia, shimo, jiwe, ng'ombe. Mkono mmoja nilikuwa na jiwe kubwa la kutegea gurudumu kila likipumzika. Linapanda kama hatua hamsini, harufu ya nyonyo inapanda nalo, Alute anapiga kelele "Tega!", natega, tunangoja. Leah anaguna. "Haya!" Tunapanda tena.

Juu kidogo kulikuwa na shamba la kijiji cha jirani, watu kama thelathini wanang'oa visiki. Walipotuona majembe yalisimama.

"Wenzetu, kwenu ni wapi?" mmoja akapaza sauti.

"Kinyangiri!" nikajibu.

"Basi mnarudi! Mbona mnatazama kwenu?"

"Serikali imesema twende mbele," mwingine akadakia, "hawa wanakwenda kisogo!"

Wakacheka wote, wakashikana mabega. Siku nyingine ningewajibu, na wangejuta, mimi sikuwahi kushindwa maneno na watu wa shambani. Siku ile nilikuwa na jiwe mkononi na gurudumu la kutega. Mwanamke mmoja mzee akasogea barabarani akachungulia ndani ya gari, kisha akageuka akawafokea, "Nyamazeni! Kuna mzazi humu." Kicheko kilikatika kama kamba. Wanaume wakatupa majembe, wakaja kuegemea boneti, wakasukuma, na Kobe akafika kilele mgongo mbele kama mtu anayeondoka kwa adabu mbele ya mkwewe.

Kileleni Alute akaligeuza tena, na kuteremka tulikwenda vizuri. Nikaanza kuomba, na nikaanza kuamini maombi yangu, na hilo ni kosa. Tulipoona maji ya ziwa Singidani yanang'aa, mji uko palee, unaweza kuhesabu mabati, Kobe akanguruma mara moja kwa nguvu na asishike tena kitu chochote. Si mbele, si nyuma. Alute akajaribu kila herufi iliyokuwa pale. Akalaza kichwa kwenye usukani.

"Weka ile herufi ya kusukumia," akasema mama mkwe kutoka nyuma.

Alishuka. Mwanamke wa miaka sitini na zaidi, akajifunga khanga kiunoni, akaja kusimama kando yangu nyuma ya gari. Bega lake likagusa langu. Tukasukuma. Gari dogo ni dogo kwa jina tu.

Kisha akasema, bila kunitazama:

"Ndiyo maana haipauki."

"Mama..."

"Tangu mwezi wa nne haijapauka. Nilishangaa. Ngozi ya nyonyo hupauka, unairudia. Nikasema, huyu mtoto ana mkono gani?"

"Nisamehe, mama."

"Niliwaita majirani, Selina."

"Ulinisifu, mama."

"Nilikusifu." Akavuta pumzi. "Leah akifa, nitaongea na wewe. Akipona, nitaongea na wewe. Sasa sukuma."

Nikasukuma. Sijawahi kusukuma kitu hivyo, hata watoto wangu baadaye. Watu wa pale njiani wakatuona, wawili, watano, wakaongezeka, Kobe akaingia lango la hospitali kimyakimya, bila injini, kama jeneza. Nililifikiria neno hilo nikalifukuza.

Wakamchukua Leah. Jua lilikuwa limebaki kama upana wa kiganja juu ya mawe. Tulikaa kwenye benchi watatu, mimi pembeni kabisa. Mama alikuwa ameshika ile mbeleko mapajani, anaikunja, anaikunjua. Mlango ukifunguliwa sote tunanyanyuka. Anatoka mtu na beseni. Tunakaa. Unafunguliwa, anatoka mtu na ndoo. Niliweka nadhiri zote nilizozijua, na moja ambayo nimeivunja.

Alipotoka muuguzi bila kitu mikononi, sikunyanyuka. "Mama mzazi amepasuliwa, yuko hai, amelala," akasema. "Mtoto wa kiume, kichwa kimechongoka kidogo, kitarudi. Mngechelewa kidogo tu, ningekuwa nasema mengine." Akatazama ile ngozi. "Ndiyo mbeleko hiyo? Bibi, ikafuliwe kwanza. Inanuka gereji."

Alute akacheka. Akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikujua.

Kobe hakutoka pale hospitali tena ila kwa kuvutwa. Fundi wa mjini alifungua giaboksi, akasema sahani za ndani zimeungua nyeusi, na kuna utomvu asioujua. Kijijini Mazengo akaitisha mkutano. Wakamsimamisha Alute mbele ya watu wote. Mali ya umma imeharibikaje?

Alute akasema alikuwa anapima oili vibaya, injini ikiwa baridi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mazengo akauliza kama kuna mwenye neno. Nikamwona mama mkwe ananyanyuka, anasimama kwa shida, anajifunga khanga. Akanitazama. Watu zaidi ya mia wakasubiri.

"Gari limemfikisha mwanangu," akasema. "Liacheni lipumzike." Akakaa.

Alute akanyang'anywa kazi, akarudi kwenye jembe. Mimi nikasubiri maongezi yangu niliyoahidiwa. Nilisubiri jioni ile, nikasubiri wiki ile. Mama aliishi miaka kumi na minane baada ya pale, na hakuongea. Ila kila mwaka, nyumba ikijaa wageni, Mazengo mwenyewe akiwa amekaa na kibuyu chake, mama alikuwa anakohoa kidogo, anainua macho ananitafuta, na watu wote wananyamaza kumsikiliza.

"Selina," anasema kwa upole, "nyonyo zimeiva kule mahameni."

Na mimi nilikuwa nimeshasimama, kapu mkononi, kabla hajafunga mdomo. Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Mbeleko kumi na moja nimezilainisha kwa mikono hii, za wajukuu wake wote waliofuata, na kila moja ilipauka kama inavyotakiwa.